Diski Iliyopaswa Kupondwa

Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana hadithi hii nitaifikisha mlangoni tu, kuingia ndani ni juu yenu. Nawaonya mapema: mara ya mwisho nilipoisimulia, mtu na mkewe waliondoka hapa kila mmoja na njia yake, na mpaka leo wakikutana na mimi wananiuliza nani alikuwa na haki. Mimi sijui. Ningejua nisingewasumbua.

Walikuwepo watu watatu, na kila mmoja alikuwa amejaliwa la kwake.

Wa kwanza ni Wendelin, mwalimu wa hesabu mjini Songea. Huyu alijaliwa kichwa. Ndiye aliyeandika Sauti Nne, programu ya kompyuta ya kuandikia nota za kwaya, do re mi, sauti zote nne. Wimbo ukishaandikwa huingia kwenye maktaba moja iliyokaa katika seva nyumbani kwake, na kwaya yoyote, hata ile ya watu saba wa kigango cha mwisho wa barabara, inauchukua bure. Programu yenyewe ilikuwa huria, maana yake maandishi yake yote yaliwekwa wazi mtandaoni: mwenye kutaka kujua imeshonwaje asome, mwenye kiraka cha kuongeza aongeze. Wendelin alipenda kujisifu kidogo, "Sauti Nne haina chumba cha ndani."

Wa pili ni Egno, fundi wa simu na kompyuta mjini Mbinga, kibanda chake kiko nyuma ya soko. Huyu alijaliwa mikono. Watu walisema kilichofia Songea kinafufukia Mbinga. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kuharibu kitu kizima. Mkewe amelalia redio saba zilizo chini ya kitanda, zote zinaimba, hakuna hata moja iliyo na mwenyewe.

Wa tatu ni Osmunda, na hadithi ni yake zaidi ya wenzake. Alikuwa karani wa karakana ya useremala kwenye misheni moja milimani, juu ya Mbinga. Osmunda alijaliwa kutunza. Ukimwachia kitu, ukirudi baada ya miaka mitatu utakikuta kimefutwa vumbi. Misheni ile ina umeme wake wa maporomoko, haujui mgao. Siku Wendelin alipoandika kwenye kundi la wasapu akiomba mtu wa kujitolea kutunza nakala za seva, ili siku mashine ikifa maktaba isife nayo, walimu wa kwaya mia mbili walisoma wakanyamaza. Osmunda peke yake akajibu: "Kwangu umeme haukatiki. Leteni."

Akafanya kazi hiyo miaka mitano. Kwa bando lake, kwa Jumamosi zake, hakuna aliyempa hata soda. Alikuwa na diski mbili. Moja ni ya kila juma: Jumamosi mchana, karakana ikishafungwa, aliiunganisha na seva mpaka vifanane kabisa. Kilichoongezwa seva kinaongezwa kwenye diski, kilichoondolewa kinaondolewa. Ya pili ni ya kabatini: nakala nzima ya maktaba, inajazwa mara moja kwa mwaka baada ya Noeli, inafungwa kwa neno la siri, inaingia kabatini na haiguswi.

"Neno hilo la siri ni lako, dada Osmunda," Wendelin alimwambia siku ya kwanza. "Ukilisahau, tumekwisha."

Osmunda alilishika neno lile kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake. Kwaya zikampa jina la Mama Nakala. Alijifanya anachukia, lakini alilipenda.

Sasa sikilizeni desturi moja ya Wendelin. Mnajua kwamba Kwaresima Aleluya haiimbwi, mpaka Pasaka. Wendelin, kwa ukali wake wa dini, alitaka hata mashine ifunge. Kila mwaka, siku ya kuamkia Jumatano ya Majivu, alizitoa Aleluya zote kwenye maktaba na kuzihamishia kwenye diski nyingine ndani ya mashine ileile. Akatangaza kwenye kundi: "Nimezika." Alhamisi Kuu asubuhi akazirudisha: "Nimefukua." Kwaya kubwa zilimcheka na kuchapa nyimbo zao mapema. Kwaya ndogo za vigango, ambazo mtambo wao wote ni simu ya mwalimu mmoja, zilisubiri afukue, zikafanya mazoezi siku mbili, zikaimba Pasaka na kupatia.

Hiyo ndiyo kazi yao. Sasa msiba.

Osmunda alikuwa na mdogo wake, Fabiola. Fabiola alikuwa sauti ya pili, na wale walioimba kwaya wanajua kwamba sauti ya pili nzuri haisikiki, ila ikikosekana kila mtu anageuka. Wawili hao walikuwa wametunga Aleluya moja. Osmunda aliandika sauti ya kwanza na besi, Fabiola akaandika ya pili na ya tatu. Mahali pamoja walibishana wiki nzima. Fabiola alitaka sauti ya pili iingie imechelewa.

"Kama mtu aliyechelewa misa," alisema. "Anaingia kwa kunyata, lakini anaingia."

Fabiola alishinda. Noeli ilipopita, diski ikijazwa, wimbo wakauweka mahali pekee ambapo Osmunda alipaamini duniani, kwenye ile diski ya kabatini, pamoja na Aleluya za maktaba. Hawakuwa wameutoa kwa mtu. Walikuwa wanangoja siku Fabiola atakapopona wauimbe wenyewe.

Fabiola hakupona. Mwezi wa kwanza, siku mbili kabla hajafa, alimshika Osmunda mkono.

"Dada, ule wimbo usiupeleke maktaba."

"Kwa nini?"

"Watauimba Pasaka, na ikifika Pentekoste watakuwa wameshauchoka. Ni wetu ule. Niende nao."

"Nimesikia."

"Usiseme umesikia. Sema unaahidi."

"Naahidi, Fabi."

Ahadi kwa mgonjwa huwa tunazitoa kirahisi, lakini Osmunda hakuwa mtu wa hivyo. Baada ya matanga alitoa diski kabatini. Angeweza kuufuta wimbo ule mmoja, lakini Egno aliwahi kumwambia kwamba kilichofutwa kinafukulika kwa fundi anayejua. Kwa hiyo akateremka nayo Mbinga, nzima nzima.

"Egno kaka yangu, nipondee hii."

Egno aliiweka sikioni, akaisikiliza inavyozunguka. "Dada, hii ni nzima."

"Najua ni nzima. Iponde, kisha unitumie picha."

"Ina nini?"

"Ina kitu changu."

Egno hakuuliza tena. Jioni ile picha ilifika: diski imefumuliwa, bati limepinda, sahani zake zimekuwa vigae. Osmunda aliitazama akalia, kisha akaandika "Asante sana, Mungu akubariki." Alikuwa ametimiza neno la mdogo wake.

Ila kuna neno jingine alilokuwa amelivunja, na siwezi kulipita eti kwa kuwa nampenda. Mwezi wa pili ulipoanza, Wendelin aliuliza kwenye kundi, "Mama Nakala, diski ya kabatini ipo?" Osmunda akajibu, "Ipo." Haikuwepo. Alikuwa ameagiza nyingine, akajiambia itakuja wiki hii, na wiki hii ikawa ijayo. Ilifika juma la pili la Kwaresima. Siku hiyohiyo aliijaza kutoka kwenye seva, kioo kikaandika "Imekamilika", akaifunga kabatini na moyo ukatulia.

Juma la pili la Kwaresima. Mmeliona kosa? Yeye hakuliona, na mimi nilipohadithiwa mara ya kwanza sikuliona. Aleluya zilikuwa zimezikwa. Hazikuwemo tena kwenye diski ya kila juma, maana hiyo hutoa kilichotolewa. Hazikuingia kwenye diski mpya ya kabatini, maana hiyo ilijazwa kutoka maktaba isiyo na Aleluya. Nyimbo mia sita na kumi na mbili zilikuwa mahali pamoja tu chini ya jua, ndani ya mashine nyumbani kwa Wendelin.

Jumatatu ya Juma Kuu radi ikaipiga nyumba hiyo.

Mashine iliungua pamoja na diski zake zote mbili. Wendelin hakutetemeka. Aliandika, "Msihofu, Mama Nakala yupo," na Osmunda aliposoma alinyanyuka kwenye kiti kama askari. Kufikia Jumanne mchana alikuwa ameshapandisha kila alichokuwa nacho kwenye mashine ya kuazima. Nyimbo za Kwaresima zikarudi. Za ndoa, za mazishi, za komunyo, zote zikarudi. Walimu wakaanza kutafuta za Pasaka. Hakuna Aleluya hata moja.

"Mama Nakala, Aleluya ziko wapi?"

"Diski ya kabatini si ulituambia ipo?"

"Mle mna wimbo wa marehemu baba yangu. Hatuna karatasi, mchwa walikula. Tafadhali dada."

"Miaka mitano tunaambiwa nakala ipo, nakala ipo."

Osmunda aliandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwisho akatuma, "Zilizopo ndizo hizo." Alijua kosa lake. Lakini alijua pia kwamba aliyezizika Aleluya ndani ya mashine ileile, bila kumwambia mtunza nakala zimewekwa wapi, alikuwa Wendelin, na Wendelin yumo kundini, anasoma. Alingoja aseme, "Jamani, na mimi nina sehemu yangu." Alingoja mpaka saa kumi na moja jioni. Wendelin hakuandika neno. Walimu mia mbili wakamla nyama mzima mzima, na yule aliyemwita dada kwa miaka mitano akaangalia.

Jumatano alizima simu akaenda kwa mama yake, kijiji cha ng'ambo ya milima ambako mtandao ni mpaka upande kilimani. Walikuwa na shughuli ya kuweka msalaba kwenye kaburi la Fabiola. Alifyeka nyasi, akachanganya saruji na wajomba, hakumwambia mtu kitu. Alijiambia Aleluya zimepotea na jina limepotea, lakini angalau neno la Fabiola limesimama.

Jumapili ya Pasaka, asubuhi, alikaa na mama yake benchi la tatu katika kigango. Padri hakuwepo, ibada iliongozwa na katekista. Kwaya ilikuwa na watu kumi na wanne. Ilipofika Injili walisimama wote, mwalimu akapiga do kwa mdomo, wakaanza.

Osmunda aliusikia wimbo kabla hajauelewa. Alijikuta anajua noti inayofuata. Kisha, penye ule mstari wa tatu, sauti ya pili ikaingia kwa kunyata, imechelewa.

Alishika benchi kwa mikono miwili.

Mama yake alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza. Akamwinamia sikioni. "Umesikia hao wa sauti ya pili? Wanaingia kama Fabiola. Kila kitu alichelewa yule mtoto." Na machozi yakamtoka, machozi mazuri.

Osmunda alitoka nje akasimama nyuma ya jengo. Aliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni, na hasira juu yake. Ibada ilipokwisha alimfuata mwalimu wa kwaya.

"Wimbo ule mmeutoa wapi?"

"Maktaba, dada! Jana asubuhi Aleluya zote zimerudi. Mia sita na kumi na tatu. Nilipanda kilimani nikazishusha. Huu ni wa mwisho kabisa, hakuna aliyewahi kuuimba, nikasema basi sisi tuwe wa kwanza."

"Wa kwanza?"

"Ah, si wa kwanza tena. Inaonyesha kwaya arobaini na moja zimeshauchukua."

Jumatatu alikuwa mbele ya kibanda cha Egno. Hakusalimia. Na kwa mtu wa kule, asiposalimia, jua mambo yameharibika.

"Ulinitumia picha," alisema.

Egno aliweka bisibisi chini. "Nilikutumia."

"Picha ya nini?"

"Ya diski nyingine. Mbovu." Alisema ukweli wote, bila kuruka kitu. Ile ya Osmunda aliiweka kwenye droo. Mara tatu alinyanyua nyundo na mara tatu mkono ulikataa. Alhamisi Kuu, aliposoma jinsi watu wanavyomtukana dada Osmunda kwenye kundi, alishindwa kula. Akaichukua, akaenda nayo Songea kwa Wendelin. "Nilitaka kukuokoa, dada. Nikasema, akirudi atakuta jina lake limesafishwa."

"Ilikuwa imefungwa. Neno la siri ninalo mimi peke yangu."

Egno alitazama nyuma ya Osmunda, maana Wendelin alikuwa amefika, na mfuko wa maembe ya shukrani mkononi. Alikuja kumpongeza fundi.

"Dada Osmunda," Wendelin alisema, "tulikupigia simu siku nzima."

"Umefunguaje?"

"Upo ufunguo mwingine. Wangu. Lakini sikuuficha! Mstari wa mia nne na kumi na mbili wa programu, umeandikwa wazi tangu siku ya kwanza: nakala ifunguke kwa neno la mtunzaji au kwa ufunguo wa mwandishi. Mtu yeyote angeweza kusoma. Sauti Nne haina chumba cha ndani, nimesema siku zote."

"Mimi ni karani wa mbao, Mwalimu. Sijui kusoma mistari yako. Nilikusikiliza wewe. Uliniambia nikilisahau tumekwisha. Miaka mitano nalala nikilirudia lile neno kichwani, naogopa nisije nikalisahau, na wewe unajua kwamba hata nikifa hamna hasara."

Wendelin naye akapandwa na hasira, maana mtu akishikwa hutafuta pa kushika. "Na wewe uliniambia ipo kabatini. Ilikuwa kabatini?"

"Haikuwa."

"Basi."

"Basi nini? Mliuona ule wimbo wa mwisho. Mliona penye jina la mtunzi pana herufi F na O."

Egno ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Mimi niliuona. Nilimwambia Mwalimu huu siujui. Akasema muda hautoshi, weka zote."

"Kwaya mia na sabini zilikuwa zinangoja," alisema Wendelin. "Ningesimama kuulizia wimbo mmoja?"

"Ndiyo," alisema Osmunda. "Ungesimama."

Alirudi milimani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale, na siku ile Osmunda aliona kwamba walikuwa wamevaa nguo kama zake. Angetapeliwa na mgeni angepiga kelele, watu wakamsaidia kukimbiza. Hawa walimtendea mmoja kwa kumpenda yeye, mwingine kwa kuwapenda wengi, na sasa hata kulalamika hakuna wa kumlalamikia, kwa sababu dunia nzima ilikuwa inashangilia.

Na ilishangilia kweli. Umoja wa Kwaya wa kanda ile uliitisha kikao Jumapili iliyofuata, ukumbi ukajaa. Mwenyekiti, Mama Kapinga, mwanamke wa maneno machache na miwani mizito, alisimama mbele ya mashine mpya kabisa iliyochangwa na kwaya zote. Juu yake aliweka ufunguo, kidude kidogo cha kuchomeka, kama kidole.

"Mashine hii ndiyo maktaba yetu mpya," alisema. "Atakayepewa ufunguo huu ndiye Mlinzi. Ataamua nini kinaingia, nini kinatoka, nini kinafungwa. Funguo mbili zimetufikisha hapa tulipo, kwa hiyo safari hii ufunguo ni mmoja. Nataka kila mmoja wa hawa watatu aseme kwa nini apewe yeye."

Egno alisimama kwanza, kofia mkononi. "Dada Osmunda alinipa diski niiponde. Ningetii, leo mngekuwa na bahasha ya vigae. Nilimdanganya, ni kweli, na uso wangu hauna pa kutazama. Lakini mikono hii haijui kuua. Nipeni ufunguo na hakuna wimbo utakaopotea kwenu, hata mnaoutaka upotee."

Wendelin alisimama wa pili. "Diski ya Egno ilikuwa sanduku lisilo na mlango. Mlango niliuweka mimi, miaka mitano kabla, kwa sababu nilijua binadamu anasahau, anaugua, anafariki. Nilinyamaza Jumanne ile mlipomshambulia dada yetu, na kwa hilo naomba radhi mbele yenu. Lakini maktaba ni mali ya wengi. Nipeni ufunguo, nami sitawasimamisha watu mia kwa ajili ya mmoja."

Osmunda alisimama mwisho. Watu walidhani atalia, hakulia.

"Wote wawili wamewapa nakala," alisema. "Nakala hiyo niliitengeneza mimi. Wakati hamtaki kujitolea hata Jumamosi moja, mimi nilikuwepo. Egno asingekuwa na cha kukihurumia, Mwalimu asingekuwa na cha kukifungua. Kosa langu nalisema mwenyewe: niliwaambia ipo, na haikuwepo. Nilivunja neno langu kwenu ili nitimize neno langu kwa mdogo wangu. Hawa wakalivunja na hilo. Hakuna aliyeniuliza."

Mama Kapinga alivua miwani. "Tukikupa ufunguo, cha kwanza utafanya nini?"

"Nitautoa wimbo wetu. Leo."

"Na zile nyingine?"

"Nitazitunza kama nilivyotunza siku zote."

"Kama ulivyoitunza ile diski?" mtu mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi ukacheka, kicheko kibaya, kikaisha haraka.

Kisha mwalimu wa kile kigango akaomba ruhusa. Alisema hakutaka kuja, ila ametumwa. Mama yake Osmunda ameiomba kwaya iuimbe wimbo ule kila Jumapili mpaka Pentekoste, na kila Jumapili atatembea kuja kuusikia. Hajaambiwa ni wa nani. Anasema tu kwamba ukiimbwa anamsikia mwanaye akiingia.

Osmunda alikaa chini. Hakuwa amelijua hilo.

Mama Kapinga alisimama pale na ufunguo kiganjani muda mrefu kuliko inavyopendeza, mpaka watu wakaanza kukohoa. Na mimi ninaishia hapo, maana hapo ndipo penu.

Bila Osmunda, hakuna nakala. Bila Egno, nakala ni vigae. Bila Wendelin, nakala ni chuma kilichofungwa. Pasaka ile, zile Aleluya mia sita na kumi na mbili ni kazi ya wote watatu, na huwezi kutoa kidole kimoja ukasema mkono umebaki. Ule wimbo wa mia sita na kumi na tatu nao ni kazi yao watatu.

Msiniambie wagawane, ufunguo ni mmoja. Msiniambie wasameheane, hilo ni lao na hamkuulizwa. Ukimpa Egno, umesema ahadi ya kuponda haina uzito mbele ya kitu kizima. Ukimpa Wendelin, umesema wengi wakiwa na shida, siri ya mmoja ni kitu kidogo, na kesho huyo mmoja anaweza kuwa wewe. Ukimpa Osmunda, marehemu atapata alichoahidiwa, na mama aliye hai atatembea Jumapili mpaka kigangoni, atasimama benchi la tatu, na sauti ya pili haitaingia.

Je, wewe uliyekaa hapo, ungempa nani ule ufunguo? Na wale wawili utakaowanyima, ungewaambia nini wakikutazama machoni?